Ukuta Ulipofika Nusu

Somo: Nehemia sura ya 3, 4:6–20, 5:1–13, 13:6–13

   Aliye na Biblia karibu na aifungue katika Kitabu cha Nehemia.

Leo twataka kuzungumza juu ya uchovu. Si uchovu wa mwili unaoondoka mtu akilala, bali uchovu wa kazi njema. Na kazi tunayoifikiria ni ile ya kuitunza nchi aliyotupa Mungu, wakati huu ambapo mvua imeacha desturi yake na jua limezidi ukali. Jambo ambalo siku hizi huitwa mabadiliko ya tabianchi. Kwa nini watu huianza kazi hii kwa shangwe na vigelegele, na baada ya miezi michache ukiwatafuta huwaoni? Hatuulizi ili tumhukumu mtu. Twauliza kwa sababu sisi wenyewe tumekuwa hao watu.

Hebu tuwasimulie yaliyotupata. Mtakumbuka kwamba tarehe 13 Novemba, 2023, Serikali ya Kenya ilitangaza siku ya mapumziko ili wananchi wote wapande miti. Lengo la siku ile lilikuwa miti milioni 100, na lengo kubwa la taifa ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Mvua za El Nino zilikuwa zikinyesha, udongo mweusi wa Kitengela ulikuwa umelowa, na mioyo yetu ilikuwa moto. Sisi wa kanisa letu, nje kidogo ya mji, tulitoka kwa wingi: Chama cha Akina Mama, wanaume, vijana, na watoto wa shule ya Jumapili. Tulipanda miche 300 katika kiwanja cha kanisa na kando ya barabara iendayo huko. Tuliomba, tuliimba, tulipigwa picha. Tulichagua kamati ya watu 24. Jioni tulirudi nyumbani tukiwa na matope hadi magotini, tukimshukuru Mungu.

Kisha mvua ikakatika. Januari ikaja, Februari ikaja na upepo wake wa vumbi. Kila mkaaji wa Kitengela ajua kwamba maji kwetu ni ya kununua, tena kwa mtungi. Nani angenunua maji ya kumwagilia mti wa watu wote wakati watoto wake hawana ya kuoga? Mbuzi nao wakapata mwanya katika ua. Mei 2024, baada ya mafuriko kuua watu wengi nchini, Serikali ilitoa siku nyingine ya mapumziko, tarehe 10, ili tuwaombolezee waliokufa na tupande miti. Tukapanda tena, tena mahali palepale, katika mashimo yaleyale ya miche iliyokauka. Hakuna aliyeuliza ile ya kwanza ilikwenda wapi.

Novemba 2024, mwaka mmoja baada ya siku ile ya kwanza, tuliamua kuhesabu. Tulipita mstari kwa mstari. Miche iliyokuwa hai, ya mara ya kwanza na ya mara ya pili pamoja, ilikuwa 37. Na siku hiyo ya kuhesabu, kati ya wanakamati 24, waliofika walikuwa watano.

Tulikuwa pamoja na mzee mmoja, jirani yetu, Mmaasai ambaye katika ukame ule mkubwa alipoteza karibu ng'ombe wake wote. Alitutazama tukiinama kwenye mashimo matupu, akasema kwa upole, "Mchungaji, siku ile mlikuwa wengi sana. Mimi nilidhani mtarudi." Hakuongeza neno. Ndugu zangu, hayo maneno tuliyachukua hadi madhabahuni, na bado yamo ndani yetu.

Tulijifariji kwanza kwa kusema kwamba hali hii si yetu peke yetu, na ni kweli. Agosti 2018 msichana mmoja wa Uswidi, Greta Thunberg, aliketi peke yake nje ya Bunge mjini Stockholm akidai wakubwa waitunze dunia. Kufika Septemba 2019, mamilioni ya watu, wengi wao vijana, walikuwa wakiandamana katika miji ya nchi nyingi. Mwaka uliofuata maradhi ya korona yakawafungia watu nyumbani, na milango ilipofunguliwa, umati wa namna ile haukurudi kama ulivyokuwa. Hata hapa kwetu, Septemba 2023, Nairobi ilipokea mkutano mkubwa wa Afrika juu ya tabianchi, wenye marais na wageni wa kila namna. Kwa siku tatu redio haikuwa na habari nyingine. Siku ya nne wageni walikwenda uwanja wa ndege, na mama wa Isinya akaendelea kutafuta maji.

Lakini faraja ya kusema "wengine pia wameshindwa" ni faraja ndogo. Tulirudi kwenye Neno la Mungu, na Neno likatupeleka kwa Nehemia.

Mwaijua habari yake. Yerusalemu ulikuwa magofu, malango yake yameteketea. Nehemia akaja, akauzunguka mji usiku, akawaita watu, wakaanza kujenga. Sura ya nne, aya ya sita, inatuambia kwamba ukuta uliunganishwa wote hadi nusu ya kimo chake, kwa kuwa watu walikuwa na moyo wa kazi. Lakini shukeni aya nne tu chini yake. Katika aya ya kumi watu wa Yuda wanalia kwamba wabebaji wa mizigo wamelegea, kifusi kingali kingi, na wao hawawezi kuendelea. Angalieni, wapendwa: walichoka ukuta ulipofika nusu. Mwanzoni kuna nguvu, kwa maana jambo ni jipya. Karibu na mwisho kuna nguvu, kwa maana mwisho unaonekana. Katikati ndipo penye hatari: upya umekwisha na mwisho haujaonekana. Na kazi hii ya kuitunza nchi ni kazi ambayo karibu yote ni katikati.

Basi uchovu huo watoka wapi? Kwa kumfuata Nehemia, sisi tumeona mambo manne.

Jambo la kwanza ni ukubwa wa kifusi. Mtu akiambiwa miti bilioni 15, akiambiwa joto la dunia yote, akiambiwa barafu ya Mlima Kilimanjaro ambayo watu wa Loitokitok huiona ikipungua, atafanya nini na jembe lake moja? Tena ataambiwa kwamba Afrika yote hutoa chini ya sehemu 4 kwa 100 za moshi unaoiharibu hewa ya dunia. Atajiuliza kwa haki, "Mimi ni nani katika jambo hili?" Asipojibiwa, atakaa nyumbani.

Nehemia alilijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Someni sura ya tatu, ile sura ya majina ambayo wengi wetu huiruka. Humo makuhani walijenga, mafundi wa dhahabu walijenga, watengenezaji wa manukato walijenga, na Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Na mara nyingi imeandikwa kwamba mtu alijenga kuielekea nyumba yake mwenyewe. Hakumpa mtu ukuta wote. Alimpa kila mtu kipande alichoweza kukiona asubuhi akifungua mlango. Kipande hicho kikianguka, mkewe angejua, na jirani angejua.

Sisi katika Kenya tumepata kuliona jambo hili kwa macho yetu. Tarehe 5 Juni, 1977, Profesa Wangari Maathai na wanawake wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Saba tu! Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Green Belt Movement. Kazi ile ilipoenea vijijini haikuwa ya umati wa siku moja. Ilikuwa ya vikundi vidogo vya akina mama, kila kikundi na kitalu chake. Na malipo yao madogo hayakuwa ya miche iliyopandwa, bali ya miche iliyoonekana kuwa hai baada ya miezi kadhaa. Tafadhalini lishikeni neno hilo. Sisi tulihesabu iliyopandwa. Wao walihesabu iliyo hai. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti ya akina mama hao ilikuwa imefika kama milioni 30. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mradi kibaba chenyewe hakivuji.

Jambo la pili ni kwamba tuliwaita watu kwa hofu peke yake. Hofu ina kazi yake. Humwamsha mtu aliyelala ndani ya nyumba inayoungua. Lakini hofu haiwezi kumlisha mtu miaka kumi. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kavu za Kenya. Zaidi ya mifugo milioni mbili walikufa. Sisi tulioisafiri barabara ya Namanga siku zile twakumbuka mizoga iliyolala kando ya njia toka Isinya hata Bisil, na wanaume wakubwa wakilia bila kuficha. Wakati huo kila mahubiri juu ya nchi yalisikilizwa. Kisha mvua ikaja, majani yakaota, na tukasahau. Mwaka 2024 mvua ikazidi, Mto Athi ukafurika, na watu wa Athi River na Kitengela wakahama nyumba zao usiku. Tukaogopa tena. Maji yakakauka, tukasahau tena. Moto wa mabua huwaka kwa kishindo, lakini haupiki maharagwe.

Tazameni Nehemia alivyofanya. Adui walipotishia hakuwaficha watu hatari, wala hakuwazidishia. Katika aya ya kumi na nne aliwaambia wasiogope, wamkumbuke Bwana aliye mkuu, na wapiganie ndugu zao, watoto wao, wake zao na nyumba zao. Aliihamisha mioyo yao kutoka kwa kile wanachokikimbia hadi kwa wale wanaowapenda. Sisi twamtunza nani? Je, twaupanda mti kwa sababu ya habari za kutisha, au kwa sababu mtoto fulani, ambaye jina lake twalijua, atakaa chini ya kivuli chake akisoma? Mwenye hofu huchoka mara hofu ikipungua. Mwenye upendo akichoka hupumzika, kisha huinuka.

Jambo la tatu, nalo ndilo lililotuchoma zaidi, ni tumbo na deni. Wengi husoma sura ya nne na kurukia ya sita, ambapo ukuta umekwisha. Lakini katikati yake iko sura ya tano, na ndani yake kazi ya ukuta haitajwi hata mara moja hadi karibu na mwisho. Yatajwa malalamiko ya maskini. Wamelia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka. Wamekopa fedha za kulipa kodi ya mfalme. Na binti zao wanatiwa utumwani. Watu hao ndio waliokuwa wakibeba mawe! Na wadai wao walikuwa ndugu zao, Wayahudi wenzao, walio katika ukuta uleule.

Wapendwa, hiyo ni habari ya Kajiado. Zamani nyanda zile za kusini mwa Mbuga ya Nairobi zilikuwa wazi. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa kwa wenyewe mwishoni mwa miaka ya themanini, kila mtu akapata hati yake. Baada ya hapo karo ya shule ikifika, au mgonjwa akilazwa, au ukame ukimaliza ng'ombe, mtu aliuza ekari mbili. Mwaka mwingine akauza tano. Mnunuzi akaweka ua. Nyumbu waliokuwa wakitoka mbugani kwenda malisho ya mvua wakakuta nyaya na kuta. Mwaka 1978 nyumbu wa nyanda hizo walihesabiwa karibu 30,000. Kufika mwaka 2011 walibaki elfu chache tu. Mtu hauzi shamba kwa sababu anamchukia twiga. Anauza kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Walikuwapo waliolielewa jambo hili. Kuanzia mwaka 2000 ulikuwako mpango Kitengela wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Kimarekani kwa ekari moja kwa mwaka, ili wasiuze wala kuweka ua, mifugo na wanyama wa porini wapate kupita. Na malipo yaligawanywa yaangukie nyakati za karo. Angalieni hekima hiyo: waliuliza kwanza mtu huyu anabanwa na nini, na anabanwa mwezi gani. Ulianza na jamaa wachache sana, ukaongezeka hadi mamia. Udhaifu wake ulikuwa kwamba fedha zilitoka kwa wafadhili, na mkono wa mfadhili una siku zake, hali bei ya ardhi yapanda kila siku. Lakini fundisho lake lasimama. Ukimwambia mtu mwenye deni atunze mti, nawe hutaki kujua habari ya deni lake, umemwongezea mzigo tu.

Nehemia alifanya nini? Aliwakusanya wakuu akawakemea, na katika aya ya kumi akakiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wamekopesha watu fedha na nafaka. Kisha akasema tuyaache haya. Hakusimama juu ya watu. Alisimama pamoja nao katika kosa. Nasi hatuna budi kukiri leo, mbele ya wasikilizaji wote. Kiwanja cha kanisa letu tulikinunua kwa jamaa aliyekuwa na shida ya fedha, tena kwa bei tuliyoisifu katika mkutano kuwa rahisi. Tulikizungushia ua. Na yule mzee jirani alituambia kwamba hapo palikuwa njia ya nyumbu alipokuwa kijana. Juu ya njia hiyo ndipo tulipopanda miche yetu, tukapigwa picha za utunzaji wa uumbaji. Bwana atuhurumie.

Jambo la nne ni upweke. Kamati yetu ilikutana mara ngapi? Tuliangalia daftari. Ilikutana alipokuja mgeni, na ilipokaribia siku ya kupanda. Kati ya hapo kila mtu alikaa na mche wake peke yake. Ukikauka, aliona aibu, akakwepa kikao. Hivi ndivyo watu 24 walivyokuwa watano. Hakuna aliyejiuzulu, kila mmoja aliona haya kimya kimya.

Nasi watu wa makanisa haya hatukuwa na haki ya kulisahau jambo hili, kwa maana tumelelewa na Uamsho. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza Gahini, Rwanda, ukapita Uganda ukafika Kenya katika miaka ya 1930. Mikutano mikubwa ilikuwapo, naam, maelfu walikusanyika. Lakini je, ni mikutano mikubwa iliyouweka hai hadi leo, yapata miaka 90? Sivyo. Ni ule ushirika mdogo wa kila juma, watu kumi au kumi na watano katika nyumba ya mmoja wao, kila mtu akieleza jinsi Bwana alivyomshika juma hilo, na jinsi alivyoanguka. Aliyeanguka hakukimbia, kwa sababu pale ndipo palipokuwa mahali pa kusema kwamba umeanguka. Harakati isiyo na mahali pa kusema "nimeshindwa" itabaki na washindi wachache, nao pia watachoka.

Hata Nehemia aliliona hili. Katika sura ya nne aliwagawa watu, nusu wakifanya kazi na nusu wakishika mikuki. Hakutaka wote wachoke siku moja. Na kwa kuwa walitawanyika ukutani, mbali mmoja na mwingine, aliweka mpiga tarumbeta kando yake. Popote waisikiapo sauti, hapo wakusanyike.

Basi tumefanya nini? Mambo madogo, nasi twawaeleza jinsi yalivyo. Kuanzia Januari 2025 tuliiacha ile kamati. Kila jamaa ya kanisa yenye kiwanja imepanda mti mmoja au miwili mbele ya mlango wake, basi, si zaidi ya anavyoweza kumwagilia. Wengi wetu mjini Kitengela ni wapangaji, hawana pa kupanda. Hao wamegawiwa ile miti 37 ya kanisa, watu wawili kwa mti, nao huja na maji waliyofulia au kuoshea mboga, katika mtungi. Mama mmoja mjane tuliyemkuta ameokoa minne bila kuagizwa na mtu ndiye aliyetufundisha njia hiyo. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Kila Alhamisi, katika ushirika, baada ya shuhuda twaulizana, "Mti wako u hali gani?" Aliyepoteza asema nimepoteza, nasi twaomba naye, na kumpa mche mwingine mvua ikianza. Akisafiri au akiugua, mwenzake humwagilia. Tumeweka pia mfuko mdogo wa karo, ili jamaa aliyebanwa asikimbilie kukata miti ya mkaa au kuuza ekari ya mwisho. Mfuko huo bado ni mwembamba sana, na mara mbili umekuwa mtupu wakati ulipohitajiwa. Na yule mzee jirani tulimwomba atuonyeshe miti ya nchi yake. Sasa twapanda mgunga na mzeituni wa porini, ambayo yalijua jua la Kajiado kabla sisi hatujafika.

Kuhesabu twahesabu mara moja kwa mwaka, Jumapili ya kwanza ya Septemba, maana kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 4 Oktoba makanisa mengi duniani huadhimisha Majira ya Uumbaji. Si jambo la kuletwa na upepo. Tangu mwaka 1990 Ushirika wetu wa Kianglikana umeuhesabu utunzaji wa uumbaji kuwa alama ya tano ya utume wa Kanisa. Tulipohesabu Septemba 2025, miti ya nyumbani na ya kanisa iliyo hai ilikuwa 112. Hatujafika ile 300 tuliyoipanda kwa siku moja. Lakini hii 112 kila mmoja una mtu anayeujua.

Kabla hatujaagana, liko neno moja la mwisho. Ukuta wa Nehemia ulikwisha kwa siku 52. Wetu hauna siku ya kukwisha, nasi tusiwadanganye watu kwamba unayo. Tena hata yeye, baada ya ushindi ule, alirudi kwa mfalme kwa muda. Na aliporudi Yerusalemu, sura ya kumi na tatu yatuambia alichokikuta. Walawi hawakupewa riziki yao, wakawa wamekimbilia mashambani kwao, na nyumba ya Mungu imeachwa. Fikirini huzuni yake! Je, alisema watu hawa hawafai? Aliwakusanya akawarudisha mahali pao, akaweka watunza hazina waaminifu, akaanza tena. Kitabu hakimalizikii kwenye ukuta na shangwe. Kinamalizikia kwa mtu anayeanza tena, akimwomba Mungu amkumbuke.

Huenda wewe unayetusikiliza ulikuwa katika kamati kama yetu, ukaacha kwenda, na sasa wapita njia nyingine ili usikutane na wenzako. Rudi, ndugu. Rudi, dada. Hatutakuuliza ulikuwa wapi. Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia, sura ya 6 aya ya 9, kwamba tusichoke katika kutenda mema, maana yako majira ya kuvuna kwa wasiozimia. Nasi Jumapili iliyopita tulimwona yule mzee akiingia langoni kwetu na fimbo yake, asubuhi, kabla ya ibada. Hakuja kusali. Alipita kwenye mstari wa migunga akiigusa mmoja mmoja, kisha akakaa juu ya jiwe akatungojea. Tulipofika alisema tu, "Huu wa pembeni wataka maji."

Tuombe. Ee Mungu, Muumba wa mbingu na nchi, uliyetuweka Kajiado na mahali pote tutunze yaliyo yako. Utusamehe kwa yale tuliyoyaanza mbele ya watu tukayaacha gizani. Utusamehe tulipoyanunua kwa urahisi machozi ya wenzetu. Uwainue waliochoka, uwalishe wenye njaa, uwape wenye madeni ndugu wa kuwasaidia. Mpe kila mmoja wetu kipande chake, na macho ya kukiona kila asubuhi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote, hadi tutakapokutana tena.